Nyumba ya Kimbilio ya Gilbert's Bar

Nyumba ya Kimbilio ya Gilbert's Bar ni jengo la mbao lililopo katika kisiwa cha Hutchinson, karibu na mji wa Stuart, Florida, Marekani. Lilijengwa mwaka 1876 kwa ajili ya mabaharia waliovunjikiwa na vyombo. Katika pwani hiyo waliookoka mawimbi waliweza kufika ufukweni, lakini nchi ilikuwa tupu: hapakuwa na maji ya kunywa, chakula wala jirani. Hivyo serikali ilijenga nyumba za namna hii, hatimaye kumi, kila moja na mlinzi aliyeishi humo na familia yake. Hakuwa na kikosi cha waokoaji. Kila baada ya dhoruba alitembea ufukweni kutafuta manusura, kisha akawalisha, akawavisha na kuwalaza darini. Ilikuwa kazi ya upweke, na inastahili heshima kubwa.

Tarehe 16 Oktoba 1904 merikebu ya Kiitalia Georges Valentine ilivunjika mbele ya nyumba hiyo; kati ya mabaharia 12, saba waliokolewa. Kesho yake merikebu ya Kihispania, Cosme Calzada, nayo ikakwama jirani.

Baadaye nyumba ilitumiwa na walinzi wa pwani hadi 1945. Kati ya zile kumi, ndiyo pekee iliyosalia, na sasa ni makumbusho.