Umra Njiani Kuelekea Fungate: Hizi Saa 24 Zilitoka Wapi?

Msimu wa harusi ukikaribia, swali ni lile lile: "Tunakwenda fungate Istanbul, tunaweza kushuka Jeddah tukafanya umra kwanza?" Jibu linategemea sheria kongwe, na aina ya tiketi aliyonunua bwana harusi.

Bibi zetu hawakuwa na swali hili. Jahazi lililoondoka Unguja na upepo wa kusi lilitia nanga bandari baada ya bandari, na abiria alikaa mpaka nahodha aseme twende.

Ndege zikaja na hesabu. Mwaka 1945 mashirika yalikutana Havana, Cuba, yakaunda IATA, na kwa miaka mingi nauli za kimataifa zikapangwa kwa makubaliano. Nauli kamili ilikuwa na kikomo cha maili. Ukiwa ndani ya kikomo hicho, uliweza kushuka miji ya njiani, ukalala siku kadhaa, kisha ukaendelea kwa tiketi ile ile. Ilikuwa ghali mno, lakini ilikuwa na nafasi. Nauli za bei nafuu zilipoingia, ruhusa ya kushuka ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyokatwa au kulipishwa. Hapo ndipo mstari wa saa 24 unapouma: ukikaa chini ya hapo kwenye safari ya kimataifa, unahesabiwa unabadilisha ndege tu. Zikizidi, umeshuka, na nauli inaweza kupanda.

Wapo waliogeuza kushuka kuwa biashara. Miaka ya 1960 shirika la Loftleiðir la Iceland liliwaalika abiria wanaovuka baina ya Marekani na Ulaya wapumzike kwao bila kuongezewa nauli. Mtindo huo ndio mashirika ya Uturuki na Ghuba wanaoufuata leo.

Tiketi za pointi ni habari nyingine. American Airlines ilianzisha mpango wake wa AAdvantage mwaka 1981, wengine wakafuata, na kila mmoja akajiandikia sheria zake. American yenyewe iliacha kuruhusu kushuka njiani kwa tiketi za pointi mwaka 2014. Aeroplan ya Canada, tangu 2020, inakuruhusu kwa pointi 5,000 za ziada. Mimi naona sababu ni wazi: abiria wa pesa anabembelezwa aje alale hotelini na anunue sokoni. Wa pointi anadai deni, na mdaiwa hana haraka ya kuongeza sukari. Kwa hiyo usidhani alichopata shoga yako kwa tiketi ya kununua utakipata kwa pointi za mumeo.

Sasa Jeddah. Januari 2023 Saudi Arabia ilitangaza viza ya kupita njiani kwa abiria wa Saudia na Flynas, ya kukaa hadi saa 96, na umra inaruhusiwa ndani yake. Hija hairuhusiwi. Hizi ni ruhusa mbili tofauti: shirika linaangalia tiketi, serikali inaangalia pasi. Tiketi ikikupa siku tatu na viza ikakosekana, utakaa uwanjani na hina yako mikononi. Ulizeni yote mawili kabla ya kulipa, na mkitaka kuswali Rawdha, chukueni kibali cha Nusuk mapema.

Na mizigo, tafadhali. Ukibadilisha ndege tu ndani ya saa 24, sanduku kubwa mara nyingi huandikiwa moja kwa moja hadi mwisho wa safari, yaani Istanbul. Nia ya ihramu inawekwa kabla ya kuvuka miqati, nanyi mtakuwa bado angani. Shuka za bwana harusi zikae kwenye begi la mkononi, pamoja na abaya yako na viatu vya kutembelea.