Ni korona ama ni madalali? Historia fupi ya bonasi ya chai Kericho na Bomet

1/ Msimu wa siasa ukifika huku kwetu, kila mkutano lazima mtu aseme moja kati ya haya mawili: "Bonasi ililiwa na madalali" ama "Ni korona ilituangusha." Yote mawili yanapigiwa makofi. Wacha tuangalie kilichotokea.

2/ Kwanza, kwa asiyejua chai. Jani likishachumwa halingoji. Lazima lifike kiwandani siku hiyo hiyo, la sivyo linaharibika. Mwenye mahindi anaweza kuweka stoo angoje bei. Mwenye majani chai hawezi. Shika hilo, tutalirudia.

3/ Mkulima mdogo wa KTDA hulipwa kwa awamu mbili: kidogo kila mwezi kulingana na kilo alizopeleka, halafu bonasi mara moja kwa mwaka. Bonasi hutegemea chai iliuzwa pesa ngapi. Na bei hiyo, kwa sehemu kubwa, haipangwi Litein wala Mogogosiek. Hupangwa kwenye mnada ulioanza Nairobi 1956 na kuhamia Mombasa 1969. Wanunuzi wakubwa ni Pakistan, Misri na Uingereza.

4/ Machi 13, 2020 Kenya ikatangaza mgonjwa wa kwanza wa korona. Machi 27 kafyu ikaanza. Aprili 8 Mombasa ikafungwa, mizigo tu ndiyo iliruhusiwa kupita. Mnada uliozoea watu kukaa chumba kimoja wakitaja bei kwa mdomo ukahamia kwenye kompyuta mwaka huo huo.

5/ Je, mashamba yalisimama? Hapana. Mvua ilikuwa nzuri. Mwaka 2019 Kenya ilitoa kilo milioni 459 hivi za chai. Mwaka 2020 zikafika karibu milioni 569. Hiyo ni karibu robo zaidi! Kwa hivyo mtu akikuambia korona iliua chai, muulize chai gani.

6/ Kilichoanguka ni bei. Mnadani wastani ulishuka kutoka kama dola 2.2 kwa kilo hadi karibu dola 2. Chai ilikuwa nyingi sokoni. Halafu kontena zikawa adimu, nauli za meli zikapanda, na Machi 2021 meli ya Ever Given ikaziba Mfereji wa Suez kwa siku sita. Nauli ikipanda, mnunuzi anaona heri apunguze anachotoa mnadani.

7/ Gogo wangu ana robo tatu ya ekari upande wa Bomet. Mwaka ule nilimuuliza, "Gogo, si mlivuna sana?" Akaniambia, "Tulivuna kazi, mjukuu wangu." Mchumaji hulipwa kwa kilo. Majani yakiongezeka, gharama inaongezeka nayo, hata kama bei imelala.

8/ Na madalali je? Malalamiko hayakuanza na korona. Chai hupita mikono mingi, na mkulima hulipwa wa mwisho. Isitoshe, bonasi ya magharibi mwa Bonde la Ufa imekuwa chini ya ile ya mashariki kwa miaka mingi. Ndiyo maana ikaja Sheria ya Chai ya 2020, ikarudisha Bodi ya Chai. Julai 2021 ikawekwa bei ya chini ya mnada kwa chai ya KTDA: dola 2.43 kwa kilo.

9/ Ilisikika vizuri. Lakini mnunuzi anaweza kungoja, sisi hatuwezi. Chai ambayo soko liliona haifiki bei hiyo ilikosa mnunuzi, ikarundikana kwenye maghala ya Mombasa. Walioumia zaidi ni sisi wa magharibi, kwa sababu chai yetu ndiyo huuzwa bei ya chini. Baadaye bei hiyo ikaondolewa.

10/ Kwa hivyo korona haikuleta huu udhaifu, iliuanika tu. Mwenye uwezo wa kungoja ndiye hupanga bei. Siku mgombea atakapokuja kituo chenu cha majani, usimuulize nani alikula bonasi. Muulize: utafanya nini ili chai yetu isiondoke kwa gunia pekee, isitegemee wanunuzi wachache, na ubora wake upande? Akirudi kwa madalali na korona, basi hana jibu.