Kubadilisha oili ya injini

Kubadilisha oili ya injini (pia: kumwaga oili) ni kazi ya kutoa oili iliyochakaa ndani ya injini ya gari, kuweka chujio jipya na kutia oili mpya. Ni sehemu ya matengenezo ya kawaida ya kila gari lenye injini ya petroli au dizeli. Hufanywa gereji, kwenye vituo vya mafuta au nyumbani, kwa kuwa inahitaji vifaa vichache.

Katika kisiwa cha Unguja (Zanzibar, Tanzania) kazi yenyewe haitofautiani na ile ya mahali pengine, lakini oili chafu inayobaki ni suala zito. Wakazi wanategemea maji yaliyo chini ya ardhi, na sehemu kubwa ya kisiwa ni mawe ya matumbawe yanayopitisha maji kwa urahisi.

Kazi ya oili

Oili hutenganisha vyuma vinavyosuguana ndani ya injini, kama vile pistoni, kranki na beringi zake. Pia huondoa joto, huzuia kutu na hubeba masizi na chembe za chuma hadi kwenye chujio. Kadiri gari linavyotumika, oili huungua kidogo kidogo, huchanganyika na masizi, petroli na unyevu, na dawa zilizotiwa kiwandani huisha nguvu. Ikiachwa muda mrefu huwa nzito kama tope na kuziba njia zake. Hapo vyuma hukosa ulainisho, na injini inaweza kukwama kabisa.

Muda wa kubadilisha

Kipimo cha uhakika ni kitabu cha gari. Kwa oili ya kawaida madereva wengi hufuata kilomita 5,000 au miezi 6, kutegemea ipi inatangulia. Oili ya sintetiki huweza kudumu zaidi, mara nyingi hadi kilomita 10,000.

Vipimo hivyo viwili vinahitajika kwa sababu magari hayatumiki sawa. Kutoka Mjini hadi Nungwi ni takriban kilomita 60. Daladala inayokwenda na kurudi mara mbili kila siku hutembea kilomita 240, hivyo hufikisha kilomita 5,000 katika wiki tatu hivi. Gari la nyumbani linalotembea kilomita 20 kwa siku, kwa mfano kati ya Bububu na Mjini, halitafika kilomita 4,000 kwa miezi 6. Gari kama hilo hufuata miezi. Safari fupi sana na foleni huchakaza oili mapema, kwa kuwa injini haipati joto la kutosha kukausha unyevu, au hufanya kazi muda mrefu bila gari kusogea.

Aina za oili

Kwenye galoni ya oili huwa na alama kama 5W-30, 15W-40 au 20W-50. Huu ni mpangilio wa SAE, chama cha wahandisi wa magari kilichoanzishwa Marekani mwaka 1905. Namba iliyo kabla ya W huonyesha wepesi wa oili wakati wa baridi, na namba ya mwisho huonyesha uzito wake injini ikiwa ya moto. Zanzibar haina baridi kali, hivyo kwa injini za zamani oili nzito kama 20W-50 hutumika bila shida wakati wa kuwasha gari. Injini nyingi za kisasa zimetengenezwa kwa oili nyepesi, nazo hazifai kutiwa oili nzito kinyume cha kitabu.

Alama nyingine ni ya API, taasisi ya petroli ya Marekani. Herufi S ikitangulia, oili ni ya injini za petroli; C ikitangulia, ni ya dizeli. Baadhi ya oili huwa na alama zote mbili.

Kiasi kinachohitajika hutofautiana. Kwa mfano, injini ya Toyota aina ya 1NZ-FE yenye ujazo wa lita 1.5, iliyofungwa katika baadhi ya magari ya Toyota IST, huchukua takriban lita 3.7 ikiwa chujio nalo linabadilishwa.

Vifaa

* Oili mpya na chujio jipya vinavyolingana na injini
* Wosha mpya ya bolti ya kumwagia
* Spana ya bolti hiyo (kwa magari mengi ya Toyota ni namba 14)
* Kifaa cha kufungulia chujio
* Jeki, stendi mbili imara na mawe au magogo ya kuzuia magurudumu
* Beseni linaloweza kubeba oili yote, dumu lenye kifuniko na faneli
* Glovu na matambara

Hatua

1. Gari huegeshwa mahali tambarare na pagumu. Mchanga haufai, kwa sababu jeki na stendi huzama.
2. Injini huwashwa kwa dakika chache ili oili ipate joto na itoke kwa urahisi, kisha huzimwa. Oili isiwe ya moto sana, kwani huunguza.
3. Breki ya mkono hufungwa, magurudumu ya nyuma huzuiwa, na mbele ya gari huinuliwa kwa jeki na kuwekwa juu ya stendi. Mtu haingii chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.
4. Kifuniko cha kutilia oili juu ya injini hufunguliwa ili hewa iingie.
5. Beseni huwekwa chini ya sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini. Bolti ya kumwagia hulegezwa kwa spana na kumaliziwa kwa mkono. Oili huachwa ichuruzike mpaka ibaki matone tu.
6. Bolti hurudishwa ikiwa na wosha mpya. Hukazwa kwa kiasi, kwa sababu kukaza kupita kiasi huharibu meno ya sampu.
7. Chujio la zamani hufunguliwa. Ni lazima kuhakikisha kwamba mpira wake haukubaki umenata kwenye injini. Mpira wa chujio jipya hupakwa oili safi kidogo, kisha chujio hufungwa na kukazwa kwa mkono.
8. Gari hushushwa. Oili mpya hutiwa kidogo kidogo na kupimwa kwa dipstiki, yaani kijiti cha kupimia, mpaka ifike kati ya alama ya chini na ya juu.
9. Injini huwashwa kwa dakika moja au mbili. Taa nyekundu ya oili inapaswa kuzimika mara moja. Ikibaki inawaka, injini izimwe na sababu itafutwe.
10. Injini huzimwa, sehemu ya chini hukaguliwa kama kuna uvujaji, na oili hupimwa tena baada ya dakika chache. Tarehe na kilomita huandikwa.

Oili ikizidi alama ya juu haileti faida. Kranki huipiga ikawa povu, na povu halilainishi vizuri.

Oili chafu na maji ya Unguja

Katika Mji Mkongwe vichochoro vingi ni vyembamba mno kwa gari, hivyo magari hubaki kwenye barabara za pembeni. Kumwaga oili nyumbani hufanyika zaidi Ng'ambo, katika mitaa mipya na mashamba, ambako nyumba nyingi zina uwanja na baadhi zina kisima.

Mji umetegemea maji ya ardhini kwa muda mrefu. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alijenga mfereji ulioleta maji safi mjini kutoka chemchemi za nje ya mji. Hadi leo Mamlaka ya Maji Zanzibar (ZAWA) huchota maji kwenye chemchemi na visima virefu. Upande wa mashariki na kusini mwa kisiwa udongo ni haba, na mawe ya matumbawe yana nyufa na mapango. Kinachomwagwa juu ya mawe hayo kinaweza kufika kwenye maji bila kuchujwa na udongo.

Oili iliyotumika huwa na chembe za metali nzito na kemikali zinazotokana na kuungua, ambazo baadhi yake husababisha saratani. Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani (EPA) hueleza kwamba oili ya gari moja iliyomwagwa mara moja inaweza kuchafua takriban lita milioni 3.8 za maji safi. Ikitupwa mtaroni, mvua za masika na vuli huibeba kuelekea baharini. Huko huziba mizizi ya kupumulia ya mikoko na kudhuru viumbe wa ufukweni.

Afrika ya Mashariki oili chafu hupakwa pia kwenye nguzo na mbao kuzuia mchwa. Desturi hiyo huonekana kama njia ya kutotupa kitu, lakini mvua huiosha oili hiyo na kuipeleka ardhini, na anayeipaka huigusa kwa ngozi. Haifai karibu na kisima, zizi au bustani ya mboga.

Utunzaji wa oili chafu

Oili chafu huhifadhiwa katika dumu lenye kifuniko, bila kuchanganywa na maji, petroli au maji ya breki, kwa kuwa mchanganyiko huo ni vigumu kuusafisha upya. Chujio la zamani huinamishwa juu ya beseni kwa saa kadhaa mpaka liishe kuchuruzika. Dumu huandikwa lililomo na kuwekwa mbali na watoto, kisha hupelekwa gereji au mahali pengine panapopokea oili iliyotumika. Asiyekuwa na mahali pa kuipeleka ni afadhali amwagie oili kwenye gereji inayoikusanya. Oili iliyomwagika chini hufunikwa kwa mchanga au unga wa mbao, kisha huzolewa. Haioshwi kwa maji.

Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 kuhusu taka hatari unaorodhesha oili za madini zisizofaa tena kwa matumizi yake. Zanzibar ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Namba 3 ya mwaka 2015, ambayo husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar (ZEMA).

Tazama pia

* Injini
* Gari
* Unguja
* Uchafuzi wa maji