Bundi wa Príncipe na Thamani ya Ushahidi wa Mdomo

Je, ujuzi usioandikwa una uzito gani katika historia? Kisiwa cha Príncipe, katika Ghuba ya Guinea, chatupa jibu. Simulizi za wenyeji juu ya bundi mdogo wa msituni zarudi nyuma hadi 1928. Wataalamu walianza kuzitilia maanani mwaka 1998, wakamthibitisha ndege huyo 2016, wakamtangaza kuwa spishi mpya 2022. Haishi ila katika msitu wa asili wa kusini, wenye kilomita za mraba 15 hivi. Jina lake la kisayansi, Otus bikegila, latokana na lakabu ya Ceciliano do Bom Jesus, mkamata kasuku wa zamani aliyegeuka mlinzi wa hifadhi, ambaye aliwapasha watafiti habari zake. Basi upya huo ulikuwa wa vitabuni tu. Wenyeji walikwisha kumjua.