Memwari mbili: kompyuta kuwaka haimaanishi ni nzima



Kwa sisi tuliosoma kwa Kifaransa, neno ni moja tu: memwari. Kuko memwari ya mwisho wa masomo, ile inayotunyima usingizi. Na kuko memwari ya kompyuta, zile bareti ndogo ambazo fundi anazichomoa na kuzifuta kwa gomu. Mimi nilikaribia kuharibu ya kwanza ju ya ya pili. Nilipotafuta sababu, nikajikuta ninasoma historia ya zaidi ya miaka 50. Ninawaandikia hiyo historia kwa sababu wengi wetu hapa Bunia tunatumia mashine za mkono wa pili, zilizopitia Kampala au Dubai, na hakuna anayetuambia zilifanyiwa nini mbele ya kufika kwetu.

(Najua, kila tukitaja kompyuta hapa Ituri mazungumzo yanaishia kwa coltan. Leo hapana. Leo tunaongea mashine ikishafika mezani.)

Shida yenyewe ilikuwa hivi. Nilinunua kompyuta ya mezani kwa mtu aliyekuwa anaitumia kwa michezo na kutengeneza video. Mwendo ilikuwa nao, kweli. Lakini asubuhi zingine ilikataa kuamka: feni zinazunguka, taa zinawaka, skrini nyeusi. Unazima, unawasha, mara ya tatu ndipo inaamka. Nikalaumu umeme, maana kwetu umeme ndio mshitakiwa wa kwanza siku zote. Nikaweka Windows upya mara mbili. Bure.

Kisha siku moja, nikiwa ninalinganisha jedwali langu la Excel na daftari ya shamba, nikaona kipande kimoja cha jaribio la mihogo kimeandikwa kilo 26,5. Daftari, kwa mwandiko wangu mwenyewe na tope bado juu ya karatasi, inasema 18,5. Kilo 8 zilizaliwa kati ya shamba na skrini! Na kwa hizo kilo 8, aina ya mhogo iliyokuwa ya tatu ilipanda ikawa ya kwanza. Ningeenda kuwashauri wamama wakulima wapande mbegu isiyostahili, na jina langu likiwa chini ya karatasi.

Sasa historia. Mwaka 1966, Robert Dennard wa IBM alipata wazo jepesi: kila biti itunzwe na tranzista moja na kapasita moja. Fikiria ndoo ndogo. Ikiwa na maji ni 1, ikiwa tupu ni 0. IBM ilipewa hataza ya wazo hilo mwaka 1968. Mwaka 1970 Intel ilitoa chipu iliyoitwa 1103, yenye biti 1.024, na memwari za zamani za pete za sumaku zilizofumwa kwa nyaya zikaanza kuondoka. Lakini ndoo hiyo ina tundu. Inavuja. Kwa hiyo mashine lazima ipite kuzijaza tena kila wakati. Hata leo, kwa kawaida kila ndoo inajazwa upya ndani ya milisekunde 64, ni kusema zaidi ya mara 15 kwa sekunde. Tunachoita kumbukumbu ya kompyuta ni kitu kinachosahau, kinachokumbushwa bila kupumzika.

Mwaka 1978, Timothy May na Murray Woods wa Intel walieleza makosa ya ajabu: biti inageuka, lakini chipu haijaharibika. Ukiandika tena, inafanya kazi vizuri. Sababu ilikuwa chembe za uranium na thorium zilizobaki ndani ya kifuniko cha chipu. Sisi Wakongo uranium tunaijua tangu Shinkolobwe, lakini nani angedhani kiasi kidogo hivyo kinaweza kubadilisha hesabu ya mtu?

Wakati huo watengenezaji waliogopa, na walifanya vizuri kuogopa. Kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na mlinzi: kwa kila biti 8 za memwari kulikuwa na ya 9 ya kuhakiki hesabu. Hesabu isipolingana, mashine inasimama na kukuambia. Inakera, ndiyo, lakini haikudanganyi. Katika miaka ya 1990 mashindano ya bei yakawa makali, na mlinzi huyo akaondolewa katika kompyuta nyingi za kawaida. Alibaki kwenye seva za mabenki na makampuni, tena kwa namna bora zaidi, inayosahihisha kosa lenyewe. Kwetu sisi wa kawaida, kuanzia hapo memwari ikikosea mashine haisemi kitu. Inaendelea na kazi.

Na ni katika miaka ile ile vijana wa nchi tajiri walipenda mchezo mwingine: kusukuma mashine kupita kipimo chake, jambo wanaloliita ovakloki. Agosti 1998 Intel ilitoa prosesa ya bei nafuu, Celeron 300A, ya megahetsi 300. Watu wakagundua kwamba ukipandisha mwendo wa njia yake ya mawasiliano kutoka 66 hadi 100, inakimbia 450. Nyingi zilikubali. Kwa pesa kidogo mtu anakaribia mashine ya gali sana. Baadaye makampuni yenyewe yakageuza mchezo kuwa biashara: mwaka 2007 Intel ilileta XMP, mpango wa mwendo mkubwa ulioandikwa tayari ndani ya bareti. Unaingia kwenye bayosi, unachagua mstari mmoja, basi.

Kwa sisi wa kilimo, ni kama urea. Kiwandani wanaacha nafasi ya usalama kati ya kipimo wanachouza na kile mashine inaweza kuvumilia. Ukiongeza kidogo unapata faida. Ukiongeza tena, unakula nafasi yote, na mmea unaungua. Kwa memwari, kuongeza mwendo ni kupunguza muda wa kujaza ndoo na kuisoma. Makosa yakiwa mengi, mashine haiamki: ukiwasha, kwanza bayosi inapima memwari na kuilinganisha, ikishindwa inarudia, na wewe unaona skrini nyeusi. Makosa yakiwa machache, inaamka sawa sawa na unaanza kazi. Hapo ndipo kuko hatari.

Mfano unaojulikana ni wa Ubelgiji. Tarehe 18 Mei 2003 walipiga kura, na sehemu zingine walitumia kompyuta. Katika wilaya ya Schaerbeek, Brussels, mgombea mmoja alipata kura nyingi kuliko zilizowezekana. Walipohesabu upya, zilizozidi zilikuwa 4.096 kamili. Hiyo ni 2 iliyozidishwa kwa yenyewe mara 12, yaani biti moja tu iliyogeuka. Wataalamu walichunguza programu, hawakuona kosa, wakasema inawezekana sana biti iligeuka yenyewe. (Mei 2003, wakubwa wetu hapa Bunia walikuwa na mambo mengine ya kuhesabu.) Iligunduliwa ju namba haikuwezekana. Ingekuwa biti ya chini, kura 4 au 8 za kuzidi, nani angeona?

Nikarudi kwa kilo zangu 8. Nane ni 2 mara 2 mara 2. Nilichukua karatasi nikaandika 18,5 vile kompyuta inaiandika ndani yake: ukigeuza biti moja tu, inakuwa 26,5. Siwezi kuapa. Pengine ni kidole changu. Lakini kidole kingepaswa kukosea tarakimu mbili kwa mara moja, na mashine ilikuwa imeshanionyesha tabia yake kila asubuhi.

Niliyoyafanya, kwa faida ya mwenye shida hiyo:

Nilichomoa waya wa umeme, nikatoa betri ndogo ya mviringo dakika chache, ili bayosi isahau mipango ya mwenyeji wa zamani. Mbele ya hapo nilikuwa nimeangalia: memwari iliwekwa mwendo wa juu kuliko kawaida. Kisha nikajaribu bareti moja moja, kila moja peke yake. Halafu nikatumia Memtest86 kwenye ufunguo wa USB, programu iliyoanzishwa na Chris Brady mwaka 1994. Inapaswa kukimbia saa nyingi, na usiku mzima wa umeme kwetu ni mradi mwenyewe. Nililala kwa rafiki mwenye sola. Kwa mwendo wa kawaida: kosa hata moja, hakuna, hadi asubuhi. Usiku uliofuata nikarudisha mwendo ule wa zamani: mistari myekundu mbele ya saa moja kuisha. Kumbe bareti zilikuwa nzima. Zilisukumwa tu. Gomu ya fundi inasaidia ikiwa shida ni uchafu, lakini hii haikuwa uchafu.

Na hata bila kusukuma, msilale. Mwaka 2009 watafiti wa Google na Chuo Kikuu cha Toronto walionyesha kwamba kwenye seva za Google zaidi ya asilimia 8 ya bareti zilipata angalau kosa moja kwa mwaka. Zile zina mlinzi. Zetu hazina.

Baadaye niliingiza data yote upya kutoka daftari, mstari kwa mstari, siku mbili, mdogo wangu akinisomea kwa sauti. Aina ile ya mhogo ikarudi nafasi yake ya tatu.

Kwa hiyo ninyi mnaoandika memwari mwaka huu: msitupe daftari ya shamba mkishaandika kwenye mashine. Mbele ya kumpelekea mwalimu jedwali, mtu akusomee namba kutoka karatasi. Na kama kompyuta yako inaamka mara ya tatu, usiseme "tumeshaizoea". Ingia kwenye bayosi uone ilivyowekwa.

Aliyepata shida kama hii aandike hapo chini.