Rwanda: Mimba ya ng'ombe wa maziwa, dalili za hatari na tiba yake

Nchini Rwanda, mpango wa Girinka, ulioanzishwa mwaka 2006, huzipatia kaya maskini ng'ombe wa maziwa kwa sharti kwamba ndama jike wa kwanza apewe jirani. Hivyo, mimba inapoharibika, hasara huzifikia nyumba mbili.

Ng'ombe hubeba mimba kwa siku zipatazo 280. Daktari wa mifugo huithibitisha kwa kupapasa mfuko wa uzazi kupitia njia ya haja kubwa, kuanzia wiki ya sita hivi. Mfugaji aandike tarehe ya kupandisha ili aijue siku ya kuzaa.

Ng'ombe akitupa mimba, hasa baada ya mwezi wa tano, huenda ana ugonjwa wa brusela, ambao hubainishwa kwa kupima damu. Mnyama mwenye ugonjwa huo kwa kawaida hatibiwi, bali huondolewa kundini. Kwa kuwa brusela huambukiza binadamu, kijusi na kondo la nyuma visishikwe kwa mikono mitupu wala kutupiwa mbwa, vifukiwe shimoni. Maziwa nayo yachemshwe.

Wakati wa kuzaa, mfuko wa maji ukipasuka na saa mbili zikapita bila maendeleo, daktari aitwe. Yamkini ndama ni mkubwa, amekaa vibaya, au mfuko wa uzazi umejisokota. Kumvuta ovyo huweza kumuua yeye na mama yake. Aidha, mtamba mwenye umbo dogo asipandishwe mbegu ya dume la aina kubwa.

Kondo la nyuma lisipotoka ndani ya saa 24, lisivutwe kwa nguvu wala kufungiwa jiwe, maana mfuko wa uzazi huweza kujeruhiwa. Daktari hupima joto la mwili, na penye homa hutoa dawa ya kuua bakteria.

Hatari nyingine huja katika siku tatu za kwanza baada ya kuzaa. Ng'ombe hushindwa kusimama, masikio huwa baridi na shingo hupinda ubavuni. Hiyo ni homa ya maziwa, ambayo licha ya jina lake hutokana na upungufu wa kalsiamu katika damu. Daktari huingiza kalsiamu mshipani taratibu, kwani ikiingia kwa kasi huweza kuusimamisha moyo. Akiwahiwa, ng'ombe mara nyingi husimama siku hiyo hiyo, akicheleweshwa, hufa.