Gango la Goti

Msomaji, ukipata nafasi siku moja, simama asubuhi kando ya Barabara ya Naivasha, hapo Riruta Satellite katika mji wa Nairobi, wakati watu wanapokwenda kazini. Wako wanaoelekea Kawangware, wako wanaongoja matatu za mjini, na wako wengi ambao nauli hawana, nao huukata mwendo kwa miguu yao. Usitazame nyuso zao, tazama magoti. Kabla ya nusu saa kupita, yamkini utamwona mtu ambaye kila apigapo hatua huweka kiganja juu ya paja, akalisukuma nyuma, ndipo athubutu kuutupa mguu wa pili. Mkisie umri wake. Kwa kawaida utaona kuwa amekwisha kupita miaka arobaini. Miongoni mwa vijana wa rika lako ni nadra kumwona mtu atembeaye hivyo. Tofauti hiyo haikutokea kwa bahati. Ina historia yake, na historia hiyo ndiyo ninayotaka kukueleza.

Vitabu vinavyotaja sehemu hizi za Nairobi hupenda kuanza na Kapteni Lugard, aliyejenga ngome Dagoretti mwaka 1890, na ugomvi uliofuata baina ya kampuni yake na Waiyaki wa Hinga. Habari hizo ni za kweli na inafaa uzijue. Lakini nimefundisha historia miaka kadhaa, na nimeona kwamba mwanafunzi huweza kuzikariri ngome zote za Afrika Mashariki bila kujua hata jambo moja juu ya chuma alichovaa jirani yake mguuni. Chuma hicho nacho kimesafiri mbali hata kufika Satellite.

Lugha yetu ina neno zuri kwa jambo hili. Kuganga ni kuunga na kufunga kilichovunjika au kilicholegea. Gango ni kile kipande kishikizacho, kiwe cha mti au cha chuma. Na mganga ni mwenye kuifanya kazi hiyo. Siku hizi tukisikia mganga twafikiri dawa na hirizi, na tumesahau kwamba neno lenyewe lina ufito na kamba ndani yake.

Sasa tulitazame goti. Ni kiungo kikubwa kuliko vyote mwilini, na kwa maoni yangu ndicho kilichopewa kazi ngumu kwa ulinzi mdogo. Kiungo cha nyonga kimekaa ndani ya bakuli la mfupa, na hakitoki humo ila kwa msiba mkubwa. Goti halina bakuli. Mfupa wa paja una vichwa viwili vya mviringo, navyo vimewekwa juu ya muundi ulio karibu kuwa bapa, kama mawe mawili ya mtoni yaliyosimamishwa juu ya ubao. Kinachoyazuia yasiteleze ni kano nne: mbili za pembeni, na mbili za ndani zipitanazo kama msalaba. Galen, tabibu aliyewatibu wapiganaji wa michezo katika mji wa Pergamon katika karne ya 2, alizijua kano hizo zipitanazo. Kati ya mifupa zimo gegedu mbili zenye umbo la mwezi mchanga, za kupunguza kishindo. Na juu ya hayo yote iko misuli mikubwa ya mbele ya paja, ivutayo kilegesambwa, yaani pia ya goti, na kuunyoosha mguu.

Kwa hiyo goti laweza kumwangusha mwenyewe kwa njia mbili, nawe usizichanganye. Aliyekatika kano hutembea vizuri penye njia iliyonyooka, lakini akigeuka kwa ghafula goti humteleza. Aliyepoteza nguvu za misuli ya paja ana shida nyingine: goti lake hujikunja chini ya uzito wa mwili hata akiwa amesimama kimya. Yule mtu uliyemwona barabarani akilisukuma paja kwa mkono ni wa namna hii ya pili. Mkono wake ndio gango lake.

Wanadamu waligundua mapema kwamba kiungo kisichoweza kujizuia huzuiwa kwa kitu kigumu cha nje. Mwaka 1903, huko Naga ed-Deir katika Misri, wachimbaji walifukua makaburi ya kale sana, wakakuta mguu wa msichana uliovunjika paja, ukiwa bado umefungwa mabanzi kwa kitani. Miaka elfu nne na zaidi ilikuwa imepita, na fundo bado lilikuwa linaonekana. Katika Ufaransa ya karne ya 16, Ambroise Paré, mpasuaji wa wafalme, alibuni mguu wa bandia ambao goti lake liliweza kufungwa mtu asimamapo na kufunguliwa aketipo. Waliomtengenezea vyombo vyake walikuwa mafundi wa chuma. Likumbuke goti hilo lenye kufuli, maana tutakutana nalo tena.

Mtu aliyeleta umbo tulijualo alikuwa Hugh Owen Thomas, aliyezaliwa mwaka 1834 katika ukoo wa waunga mifupa wa kisiwa cha Anglesey. Baba yake alikuwa mganga wa mifupa asiye na hati, akasumbuliwa na madaktari wenye hati, basi akawasomesha wanawe wawe na hati hizo. Thomas alifanya kazi katika mji wa bandari wa Liverpool, na nyumbani mwake aliweka mhunzi na fundi wa ngozi wa kumsaidia. Jumapili aliwatibu maskini bila malipo. Gango lake lilikuwa rahisi: pete iliyofunikwa ngozi, ikaayo juu kabisa ya paja, na fimbo mbili za chuma zishukazo pande zote mbili za mguu. Wakubwa wa taaluma hawakumjali sana. Alikufa mwaka 1891, na gango lake lilipata sifa baadaye, katika Vita Kuu ya Kwanza, wakati mpwa wake Robert Jones alipohimiza litumiwe kwa askari waliovunjika mapaja, na wengi ambao wangekufa njiani wakaokoka.

Wakati huohuo wapasuaji walianza kuzigusa kano zenyewe. Mwaka 1895, katika mji wa Leeds, Mayo Robson alizishona kano zipitanazo za mchimba makaa aliyeangukiwa na udongo. Mwaka 1917 Hey Groves wa Bristol alieleza namna ya kutengeneza kano mpya kwa utando wa paja la mgonjwa mwenyewe. Hayo yalikuwa kwa wachache.

Kwetu sisi gango la goti lilikuja hasa kwa sababu ya ugonjwa wa kupooza, yaani polio. Virusi vyake huingia kwa kinywa, kwa maji na mikono yenye uchafu, na kwa watoto walio wengi hupita bila kuonekana. Kwa wachache huingia katika uti wa mgongo na kuziua chembe za neva ziamrishazo misuli. Mtoto hulala na homa, na asubuhi mguu mmoja haumtii. Ngozi yake yasikia kama kawaida, maumivu ayajua, lakini misuli haina wa kuiamrisha, na polepole husinyaa. Wazazi wengi wakatafuta mchawi. Wengine wakamficha mtoto nyumba ya nyuma, naye akajifunza kutambaa.

Katika Kampala, kuanzia mwaka 1960, mpasuaji mmoja wa Hospitali ya Mulago, Ronald Huckstep, aliitazama hesabu hii kwa macho ya fundi. Alikuwa amefanya kazi Nairobi kabla yake. Aliona kwamba vyuma viletwavyo kutoka Ulaya ni ghali, na kwamba vikivunjika kijijini hakuna wa kuvitengeneza. Basi akabuni vyuma vya mguu vya fimbo ya kawaida, ngozi ya nchini, na viatu vya ubao mfano wa mitalawanda, vitu ambavyo fundi asiye na shule kubwa aweza kuvipinda na kuvishona. Wengi wamemsifu kwa upasuaji wake. Mimi namsifu zaidi kwa mitalawanda hiyo. Katika Kenya, Chama cha Walemavu wa Viungo, kiitwacho APDK, kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1958. Mwaka 1962 Jeshi la Wokovu lilifungua Joytown huko Thika kwa watoto wenye ulemavu, na mwaka 1969 karakana za Bombolulu zikaanza Mombasa. Mafundi wa viungo wa nchi nyingi za Afrika wamefunzwa Moshi, katika chuo kilichoanzishwa mwaka 1981 karibu na hospitali ya KCMC. Na hapo Waithaka, si mbali na Satellite, APDK ina karakana yake.

Hebu nikueleze kifaa chenyewe. Fimbo mbili za chuma zimechomekwa katika kisigino cha kiatu kizito, zikapanda pande mbili za mguu mpaka kwenye mkanda wa ngozi wa juu ya paja. Mbele ya goti uko mkanda mpana, ulizuie lisijikunje. Kama kifaa kina kiungo usawa wa goti, ipo pete ndogo ya chuma: mtu asimamapo huishusha, na goti likafungwa, atakapo kuketi huivuta juu, na goti likakunjika. Ndiyo kufuli ya Paré.

Katika chuo nilichosomea ualimu alikuwako mkufunzi mmoja aliyevaa chuma hicho. Tulikuwa tukisikia mlio wa pete ile kabla hatujamwona, na darasa zima likanyamaza. Siku moja alitusimulia habari zake, wala hakutusimulia kwa huzuni. Aliugua akiwa na miaka mitatu. Akatambaa mpaka miaka saba, ndipo baba yake alipompeleka mjini akapimwa na kupewa vyuma. Alisema kwamba jambo lililomshangaza siku ile ya kwanza ya kusimama ni kuona kichwa cha ng'ombe kwa mbele. Siku zote alikuwa amemjua ng'ombe kwa tumbo na kwato.

Lakini mtoto hukua, na chuma hakikui. Kila baada ya muda vyuma hutakiwa kurefushwa au kubadilishwa, na mkanda kupimwa upya. Baba yake hakuwa na nauli ya kurudi mjini. Alipofika miaka kumi vyuma vilikuwa vifupi, mkanda ukamtafuna paja mpaka likatoka kidonda. Asubuhi moja alivivua, akavificha chini ya ghala, akaenda shuleni akitambaa. Wenzake walikuwa wamezoea kumwona amesimama, na sasa walimcheka kuliko walivyomcheka zamani. Mama yake alivigundua vyuma vile, akakaa chini akalia. Kisha akauza mbuzi wake wawili. "Mama hakusema neno," alituambia mkufunzi yule. "Alinifunga mgongoni, mimi mtoto wa miaka kumi, tukaenda kungoja basi."

Chanjo ya kwanza ya polio, ya Jonas Salk, ilitangazwa kuwa salama na yenye nguvu tarehe 12 Aprili 1955, na baada yake yakaja matone ya Albert Sabin ya kutiwa kinywani. Kenya ilianzisha mpango wake wa kitaifa wa chanjo mwaka 1980. Mgonjwa wa mwisho wa virusi vya asili vilivyokuwa vikienea nchini mwenyewe alionekana mwaka 1984. Fanya hesabu, nawe utajua kwa nini watu wale wa barabarani wamepita miaka arobaini. Virusi vimerudi mara kadhaa kutoka nje, kama mwaka 2013 vilipowapata watu 14, na Agosti 2020 Afrika ikathibitishwa kuwa imeachana na virusi vya asili; lakini mwaka 2018 virusi vya namna nyingine vilikuwa vimepatikana katika maji machafu ya Eastleigh, hapa hapa Nairobi, na watoto wakachanjwa tena.

Magoti hata hivyo hayajaacha kuteleza. Siku hizi ni mvulana aliyegeuka kwa ghafula katika uwanja wa changarawe, ni mwendesha bodaboda aliyegongwa, ni mama mzee aliyekwisha gegedu. Gango lao limetoka upande mwingine. Katika New York, mchezaji mashuhuri Joe Namath alipoumia goti, daktari wake James Nicholas wa Hospitali ya Lenox Hill alisaidia kubuni gango jepesi la kumwezesha kucheza, na kutoka hapo biashara kubwa ikazaliwa. Mwaka 1984 madaktari wa mifupa wa Marekani waliyagawa magango ya goti mafungu matatu: ya kukinga asiyeumia, ya kumtunza aliyetoka kupasuliwa, na ya kumsaidia mwenye kano iliyokatika.

Katika vibanda vya njiani utaona soksi za mpira za goti zikiuzwa. Sizidharau. Hutia joto, huzuia uvimbe kidogo, na humfanya mtu alihisi goti lake na kulitumia kwa uangalifu. Lakini soksi haiwezi kuzuia goti lililokatika kano lisizunguke; kazi hiyo yataka gango lenye fimbo na kiungo, lililopimwa mguuni mwako, si mguuni mwa jirani. Na hata gango hilo haliungi kano. Likivaliwa mchana kutwa bila mazoezi, misuli ya paja hulegea zaidi, na goti likabaki maskini kuliko mwanzo. Kwa hiyo wataalamu wa mazoezi humwambia mgonjwa alale chali, anyooshe mguu, auinue polepole, na arudie kila siku. Kinachosikitisha ni kwamba mvulana wa mpira hununua soksi Jumamosi na kurudi uwanjani Jumapili.

Mkufunzi wangu amekwisha staafu. Nilimtembelea mwaka jana, nikaviona vile vyuma vyake vya utotoni vimetundikwa ukutani juu ya redio, vifupi, mkanda umekauka kama ganda la mti. Wajukuu wake wote wametiwa matone kinywani. Mdogo wao alinivuta shati, akavionyesha kwa kidole, akaniuliza kama hiyo ilikuwa sehemu ya baiskeli ya babu.